Vumbi chini ya jiwe

Sonara afungaye jiwe dogo la malakiti katika pete ya fedha hufanya hivi. Hukunja ukanda mwembamba wa fedha kulizunguka jiwe, hukaza ncha zake kwa lehemu, kisha hushikamanisha duara hilo juu ya bamba la fedha. Jiwe lenyewe, lenye mgongo wa mviringo na tumbo bapa, hungoja kando. Maana malakiti, kama ile ya Katanga, ni jiwe laini, na moto huiharibu. Kazi ya moto ikiisha, hulitia ndani na kuulaza ukingo juu yake polepole, pande zote.

Jiwe likizama mno, huweka vumbi kidogo la mbao chini yake lipate kuinuka. Hapo ndipo swali: je, huu ni uwongo? Mnunuzi hataona kamwe chini ya jiwe.

Wengine watajibu: asiyesema neno hadanganyi. Cicero wa Roma, mwaka 44 kabla ya Kristo, alikwisha kupima jibu hilo: si kila kunyamaza ni kuficha, huficha yule anyamazaye ili apate faida kwa kutojua kwa mwenziwe.

Basi tutofautishe. Vumbi liinualo jiwe zima latumikia pete, halina hatia. Vumbi lilelile likiwekwa ili kipande chembamba kiuzwe kwa bei ya jiwe nene, ni wizi.

Kipimo ni chepesi, ndugu msomaji: mnunuzi asimame karibu na kutazama. Ikiwa bei haitabadilika, sonara na aufunge ukingo kwa amani.