Kusamehe ni Leo, Kuaminiwa ni Pole Pole



Kuna swali ambalo watu huniletea ofisini wakiwa wameinamisha kichwa, na ambalo hata kwetu katika ukoo limetusumbua: mama aliyelewa kwa miaka akiacha pombe, je, ni lazima watoto wake wampokee mara moja?

Binamu yangu, binti ya shangazi, ameniruhusu nitumie habari yake bila jina. Alikunywa kwa karibu miaka saba, na watoto wake wawili wakalelewa na shosho wao. Sasa amemaliza miezi kumi na mmoja bila kugusa pombe, na tunamshukuru Mungu sana. Lakini siku aliyotoa ushuhuda, jamaa waliwageukia watoto: “Mkumbatieni mama yenu, si ameokoka?” Wa miaka tisa alimkimbilia. Wa miaka kumi na minne hakusogea. Basi lawama zikaanza: huyu msichana ana moyo mgumu, huyu hajui kusamehe.

Mimi nasema msichana huyo alionewa.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, kwa hivyo mnivumilie nikiongea kama mtu wa chama. Kwenye chama, kufuta deni ni jambo moja, na kumpa mtu mkopo mpya ni jambo lingine. Deni laweza kufutwa leo, kwa kikao kimoja. Lakini aliyeshindwa kulipa hapewi mkopo mkubwa jioni hiyo hiyo ati kwa sababu amelia machozi. Anaanza na kidogo, analipa, anaongezewa. Msamaha ni deni kufutwa, na Bwana ametuamuru tusamehe. Kuaminiwa ni mkopo mpya. Tukiyachanganya haya mawili, tunamwambia mtoto kwamba akiogopa ametenda dhambi.

Na huyu alikuwa na sababu ya kuogopa. Jumamosi nyingi aliambiwa mama anakuja. Akavaa viatu vizuri, akakaa kwenye kiti mpaka giza likaingia.

Mtu ataniuliza: Mchungaji, mbona yule baba wa Luka 15 alimkimbilia mwanawe kabla hajamaliza kuomba msamaha? Ni kweli. Lakini angalia ni nani alikimbia. Ni baba mwenyewe, na deni alilofuta lilikuwa lake. Kaka mkubwa alipobaki nje na hasira, baba hakumtuma mtumishi akamvute kwa shati. Alitoka nje yeye mwenyewe, akamsihi. Na Yesu akaiachia hadithi hapo; hatuambiwi kama kaka aliingia. Sisi tungependa kuimalizia, tena haraka, kabla chai haijapoa.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo ya kwanza. Itakuwa aibu ikiwa mahakama inamuuliza mtoto anaendeleaje, na kanisa linauliza tu kama mama amefurahi.

Basi mama aachwe nje? Hasha! Soma barua ya Paulo kwa Filemoni, ni sura moja tu. Onesimo alikuwa ametengana na bwana wake, na Paulo anamrudisha. Angeweza kumwamuru Filemoni, lakini akachagua kumsihi. Kisha akaongeza kwamba kama kuna deni lolote, liandikwe juu yake yeye Paulo. Hiyo ndiyo kazi ya mdhamini. Ndugu wa mraibu hatuitwi kuwasukuma watoto. Tunaitwa kuweka jina letu pale ambapo jina la mama bado halijapata nguvu.

Kwetu tulifanya hivi. Tulimwambia binamu aahidi kidogo: simu moja Jumatano jioni, na saa mbili nyumbani kwa shosho kila Jumamosi, mimi au shangazi tukiwepo. Akichelewa, sisi ndio tunaowaeleza watoto, siku hiyo hiyo, na tunasema ukweli. Hakuna tena kusema “mama ni mgonjwa” kumbe sivyo. Yule mkubwa anaweza kukaa chumbani akitaka. Wiki nyingi alikaa. Siku hizi hutoka, akala na mama yake, wakaongea habari za shule. Bado hamkumbatii, na hakuna anayemlazimisha.

Mama naye ana fundisho lake: watoto si dawa yake. Asiache pombe ili wampende, kwa maana siku wakimnunia atarudi kwenye chupa. Aiache hata siku ambayo hakuna aliyeitika salamu yake.

Jambo moja zaidi, na ni la uhai. Anayekunywa sana kila siku, msimfungie nyumbani ati aache ghafla kwa maombi peke yake. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, hata mtu akafa. Mpelekeni hospitali kwanza, na maombi yaendelee. Luka mwenyewe alikuwa tabibu. NACADA nao wana simu ya bure, 1192. Na akianguka tena, mwinueni, mrudi kwa daktari, na watoto waambiwe ukweli.

Katika ushirika wa nyumbani wiki hii, tusiulizane ni nani mwenye moyo mgumu. Tuulizane: katika ukoo wangu, ni nani anahitaji mdhamini, na ni mtoto gani anayehitaji kupewa muda? Kisha tupige magoti, tuombee wote wawili kwa majina.

Mungu awabariki.