Lumbesa na Aibu ya Mpakizi

Soko la Lukozi, wilayani Lushoto, hupakia karoti, kabichi na viazi vya kwenda Dar es Salaam. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, haijaisha, na mwenye ubavu wa kuiinua ndiye anayeitwa kwanza. Kisa hiki ni cha mpakizi wa namna hiyo, mtu wa miaka 40 na ushei, mwenye miguu iliyokomazwa na milima.

Lilianza tone moja la mkojo akiinua gunia. Baadaye akikohoa, akicheka. Akasema ni ngiri, maana wanaume wengi huita ngiri kila shida iliyo chini ya kitovu, akachemsha mizizi akanywa. Mkojo ukaendelea kumvuja. Hapo akafanya lililomdhuru zaidi: akaacha kunywa maji mchana ili suruali isilowe. Mkojo ukawa mkali, ukakichokoza kibofu. Choo kikawa kigumu, na kule kujikamua kukaongeza madhara yaleyale. Mkewe alipouliza kuhusu harufu ya nguo, alijibu ni jasho. Akahamia kulala chumba cha watoto. Inaniuma kwamba nyumba iliingia ubaridi kwa jambo lenye tiba.

Mwishowe alikwenda kituo cha afya. Wakampima mkojo, sukari na tezi dume, kwa sababu kuvuja kuna visababishi vingi. Kisha tabibu akamwambia, "Baba, nguvu unazo. Ila unainua huku umebana pumzi, na msukumo wote wa tumbo unashukia hapa." Kati ya mfupa wa kinena na kifandugu kuna misuli inayokishikilia kibofu na utumbo. Ikisukumwa hivyo kila siku, hulegea kama kamba za kitanda. Kupanda milima hakukuwa na kosa, tena kulimfaa. Kosa lilikuwa kwenye lumbesa na pumzi.

Akafundishwa kubana kama anayezuia upepo usimtoke, bila kukaza makalio wala tumbo, huku akipumua: sekunde 5, kisha aachie kabisa sekunde 5, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Na kila anapoinua mzigo, abane kwanza, kisha atoe pumzi.

"Mazoezi hayo si ya wanawake waliojifungua, dokta?"

Ni kweli Arnold Kegel, daktari wa Marekani, aliyaandikia wanawake mwaka 1948. Lakini misuli hiyo wanaume wanayo pia, na leo waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume hufundishwa mazoezi hayohayo. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi 3, kabla ya nafuu kuonekana. Yeye alivumilia, akapona kiasi cha kurudi chumbani kwake. Lumbesa hagusi tena.

Tabibu alimwachia onyo moja: kubana kukileta maumivu, aache arudi, kwani huenda misuli imekaza badala ya kulegea. Na mkojo ukiziba, ukitoka na damu, au ganzi ikiingia kati ya mapaja, aende hospitali siku hiyohiyo.