Uso Uliopindwa

Je, kumchora mtu uso wa kuchekesha ni kumvunjia heshima? Aghalabu swali hili hujibiwa kana kwamba hukumu imo ndani ya mchoro wenyewe: pua ikirefushwa kupita kiasi, basi mwenye pua ametukanwa. Picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao haziliachi jawabu hilo lipite kwa wepesi.

Mwaka 1842 serikali ya Tokugawa ilipiga marufuku kuchapwa picha za waigizaji wa Kabuki na za makahaba mashuhuri, kwa hoja ya kuzuia anasa na kulinda maadili. Utagawa Kuniyoshi, mchoraji wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, akawatia samaki na paka sura za waigizaji. Mnamo 1848 hivi akatoa picha zinazojifanya kuwa ukuta wa ghala uliokwaruzwa kwa msumari na mtoto mtundu. Vichwa ni vikubwa, viwiliwili vidogo. Macho yamekodolewa, midomo imepinda. Na paka naye yumo, anacheza ngoma, kitambaa kichwani! Mpenzi wa Kabuki hakuhitaji kutajiwa jina; kidevu kilimtosha.

Kutambua huko ni jambo zito. Hawezi mtu kuupinda uso asioujua ulivyonyooka, wala hacheki kwa kidevu asiyekwisha kukitazama mara nyingi, yamkini kwa mapenzi. Sheria ilitaka nyuso zile zitoweke machoni, kicheko kikazihifadhi. Ikiwa yupo aliyetukanwa pale, ni sheria.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kicheko ni rafiki siku zote. Nusu karne kabla yake, Tōshūsai Sharaku hakuwa na marufuku ya namna hiyo ya kukwepa. Kwa muda wa miezi kumi hivi, kati ya 1794 na 1795, alitoa picha zaidi ya 140, kisha akatoweka. Mwandishi Ōta Nanpo alieleza kwamba alishikilia mno kuchora uhalisia, na ndiyo maana hakudumu. Waigizaji wanaume waliocheza nafasi za wanawake aliwachora na mataya yao mazito chini ya poda. Mwigizaji ametumia umri wake kujifunza kuinamisha shingo na kulegeza mkono hadi hadhira imwone mwanamke; picha inamrudishia taya lake, nayo inauzwa dukani. Sharaku hakusema uongo. Alichokivunja ni mapatano baina ya mwigizaji na watazamaji wake, na hakuna aliyemwomba ayavunje.