Chombo Kionacho Chini ya Ardhi

Mwezi wa Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na risasi ikabaki mwilini. Madaktari waliitafuta kwa vidole visivyooshwa, na kwa kuitafuta walilizidisha jeraha. Alexander Graham Bell, aliyekuwa mashuhuri kwa simu, akaleta chombo cha umeme cha kutambulia madini pasipo kugusa nyama. Hakikufaulu, inasemekana springi za kitanda zilikichanganya, na Rais akafariki mwezi wa Septemba. Hata hivyo nia ya Bell yastahili kukumbukwa: alitaka kujua bila ya kuchimbua.

Vyombo vinavyobebwa leo mashambani Uingereza na watu watafutao vitu vya kale kwa burudani ni wajukuu wa chombo kile, lakini nia imegeuka. Mzingo wa waya hupitishwa juu ya udongo. Umeme wake huamsha umeme mdogo katika kipande cha madini kilicho karibu, na mtafutaji husikia mlio. Mlio huo hausemi mengi. Takataka ya jana yaweza kulia kama fedha ya kale. Kwa hiyo mtu huchimba ili ajue, na kutojua kwake ndiko udhuru wake. Nani atamlaumu aliyechimba akitazamia kizibo cha chupa akakuta pete ya mfalme?

Sasa na tuwaze chombo ambacho hakijatengenezwa. Tuseme chaweza kuchora umbo la kitu kingali chini, kutaja madini yake, kukisia umri wake, na kuonyesha kila kilicholala jirani nacho, kila kimoja mahali pake. Wapenzi wa burudani hii wakikitamani, mimi siwacheki. Kitawaokoa na mashimo mengi ya bure. Huenda pia kikawapunguzia furaha, maana mvuvi aonaye kila samaki kabla ya kutupa ndoana aweza kuuza mashua yake. Lakini hasara hiyo ni ndogo. Kubwa ni kwamba udhuru utakwisha. Atakayetia sururu atakuwa amekwisha kuona anachokivunja.

Mwaka 2015, karibu na Leominster katika Herefordshire, watu wawili walifukua akiba ya sarafu na vito iliyozikwa katika karne ya 9. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 iliwataka watoe habari katika siku 14. Wao walificha na kuuza kwa siri, na mwaka 2019 wakahukumiwa kifungo. Sarafu zilikadiriwa kuwa 300 hivi. Zilizopatikana ni sehemu tu ya hizo. Katika hizo zimo zilizopigwa kwa jina la Alfred wa Wessex na zilizopigwa kwa jina la Ceolwulf wa Mercia, zikiwa na picha ile ile ya watawala wawili walioketi bega kwa bega. Tarehe za Wessex zilimwandika Ceolwulf kuwa mtumishi mpumbavu wa mfalme, aliyetawazwa na maadui. Sarafu zinamshuhudia kuwa mshirika. Basi walioziuza hawakumwibia mwenye shamba peke yake. Walitawanya mashahidi wa marehemu aliyesingiziwa.

Wala haitoshi kusema kila kitu kiachwe kilipo. Plau hupita, na mbolea huweza kula madini. Hazina ya Staffordshire, iliyogunduliwa mwaka 2009, vipande zaidi ya 4,000 vya dhahabu na fedha, ilikuwa katika udongo uliolimwa. Mgunduzi alitoa habari, wataalamu wakaja kuendelea na uchimbaji, na thamani yake, pauni 3,285,000, ikagawanywa kati yake na mwenye shamba. Mkono uliochimba pale haukukosa. Mwenye chombo kipya atakuwa na kazi ngumu kuliko ya mgunduzi huyo: kutazama picha, kupima kama plau itakifikia kitu au haitakifikia, kisha kuita wengine au kuondoka mikono mitupu, hali hapana shahidi aliyemwona akisimama.

Na chombo hicho hakitaponya yaliyokwisha kutendwa. Kipitishwe juu ya droo yoyote zilimofichwa sarafu zile za Leominster: kitasoma fedha, kitasoma karne ya 9, labda kitasoma hata jina la Ceolwulf. Ilikuwa imelala kando ya sarafu gani, hakitaweza kusoma.