Mwili Uliopona Nao Una Haki

Shangazi yangu alimaliza tiba ya saratani ya matiti, lakini mkono ulikakamaa na usingizi ukapotea. Muuguzi akamfundisha kunyoosha viungo huku akivuta pumzi taratibu.

"Mwanangu, hii si yoga? Inafaa?" aliniuliza.

Nikajibu haraka: "Tosheka na dhikri, Shangazi."

Akaacha. Siku moja nikamwona akishindwa kuinua mkono kwa takbira. Niliona haya. Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyezidisha saumu na swala za usiku, kwamba mwili wake una haki juu yake. Zoezi lisilo na ibada ya asiyekuwa Allah hutimiza haki hiyo. Halishindani na dhikri.

Nimemwomba radhi, na ameanza tena. Tusikimbilie kuharamisha: fatwa nyepesi mdomoni huulemea mwili wa mwingine.