Haki za Mtumishi na Watu wa Nyumbani Kwake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Ama baada ya hayo, twawasikia matajiri wengi wa miji yetu ya pwani wakinung'unika kwamba watumishi wa siku hizi hawana amana: huchelewa, hutega, na tajiri akigeuza uso kazi hulala. Nasi twawauliza: nyinyi mmewatendeaje? Mtu aliyemwacha mtoto wake na homa, akanyimwa ruhusa ya nusu siku, mkono wake u dukani na moyo wake u nyumbani. Atapima vibaya, atahesabu vibaya, na akipata pengine atakwenda zake. Hapo tajiri amehifadhi nusu siku, akapoteza mtumishi mzima.

Imepokewa kwamba Seyyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa akiwapa posho watoto walioacha kunyonya tu. Usiku mmoja akasikia mtoto akilia. Alipouliza, mamake akamwambia kwamba amwachisha ziwa kabla ya wakati ili apate posho ile. Umar akasikitika mno, akaamrisha kila mtoto apewe tangu kuzaliwa. Tazameni! Amri ile haikukusudiwa kudhuru, lakini madhara yake yalimfikia mtoto mchanga. Na mwenye amri hakuona haya kuibadili.

Leo sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mama aliyejifungua miezi 3 na baba wiki 2, kwa mshahara kamili. Sheria ya afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri ampe anyonyeshaye mahali na nafasi. Je, yafaa Mwislamu kungoja kulazimishwa na serikali katika wema aliokwisha kufunzwa na dini yake?

Wala tusiwalaumu wenye maduka peke yao. Sisi wenye vyuo humtaka mwalimu ambaye mkewe kajifungua juzi awe mbele ya wanafunzi leo, awasomeshe fadhila za kuwatendea wema watu wa nyumbani!

Nawe mtumishi, ruhusa ni amana. Asingiziaye ugonjwa wa mtoto ili akakae barazani amewafungia mlango wenziwe wenye dhiki ya kweli.

Basi kila mwenye watumishi na awaulize leo hali za nyumbani kwao, kabla hajawauliza hesabu. Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.