Fedha za Siku Ishirini na Nane

Wiki chache zilizopita alitujia ofisini mzee mmoja, mkulima wa kahawa na mwenyekiti wa jumuiya yake, akiwa na bahasha kubwa kwapani. Tulipokwisha kumsifu Yesu Kristo na kuulizana habari za nyumbani, aliifungua mezani. Binti yake amekubaliwa na chuo kikuu kimoja cha Uingereza kusoma shahada ya pili katika afya ya jamii. Ada imekwisha patikana, nusu kwa msaada wa chuo chenyewe, nusu kwa shamba lililouzwa. Lililobaki ni viza.

Sheria ya Waingereza yadai kwamba mwanafunzi aonyeshe, mbali na ada, fedha za kumtunza kwa miezi ipatayo tisa, na kwamba fedha hizo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja. Mwezi Januari 2025 kiasi hicho kiliwekwa paundi 1,136 kwa mwezi kwa asomaye nje ya London, na paundi 1,483 kwa asomaye London. Novemba mwaka huohuo kikapandishwa tena. Hata tukishika hesabu ile ndogo ya Januari, kwa miezi tisa twafika paundi 10,224, yaani zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania. Mzee huyu hajapata kuona fedha za namna hiyo mahali pamoja tangu azaliwe.

Lakini anaye mdogo wake Dar es Salaam, mfanyabiashara. Mdogo mtu akamwambia: "Kaka, nitakuwekea fedha hizo katika akaunti yako. Zikae siku zake 28, benki itoe taarifa, mtoto apeleke maombi. Kisha unirudishie, maana ndio mtaji wangu." Mzee alitaka tumwandikie barua ya Kanisa kuthibitisha kwamba jamaa yake wana uwezo. Na kwa kuwa ni mtu mnyofu, na usingizi ulikuwa umempotea, aliongeza swali: "Padre, nikifanya hivyo nimesema uongo? Fedha zitakuwamo kweli. Karatasi ya benki itakuwa ya kweli. Sikughushi muhuri wa mtu."

Swali hili si la mzee huyu peke yake. Wako waazimao kwa ndugu, na wako wakodio kwa watu waliofanya kazi ya kuazimisha fedha za kuonyesha, nao hutoza chao. Yatupasa kukiri jambo moja. Miaka miwili iliyopita mzazi mwingine alituuliza neno hilohilo, akatukuta mlangoni mwa sakristia kati ya Misa na ubatizo, nasi tukamjibu upesi kwamba hakuna neno, maadamu fedha zenyewe ni za halali. Tulijibu vibaya. Barua yake pia tulitia sahihi.

Basi tulitazame jambo lenyewe. Mtakatifu Toma wa Akwino, anapoeleza dhambi za kupinga ukweli, afundisha kwamba maneno ni ishara za yale tuliyo nayo moyoni, lakini ishara si maneno peke yake. Mtu aweza kusema kwa kidole, kwa vazi, kwa tendo. Na atendaye tendo ili kuonyesha lisilokuwamo amesema uongo sawa na yule aliyetumia ulimi. Taarifa ya benki ni ishara. Yasema nini? Wino wake wasema kwamba fedha kadha wa kadha zilikuwamo tangu tarehe hii hata tarehe hii, na hilo ni kweli. Lakini afisa wa viza hakuuliza habari za benki kwa kupenda kujua mambo ya benki. Aliuliza kama mtoto huyu, akifika ugenini wakati wa baridi, atakuwa na chakula na chumba. Anayeweka karatasi ile mbele yake amjibu swali hilo, wala si lingine. Kumbe basi ukweli wa jibu haumo katika zile siku 28. Umo katika siku ya 29.

Tuchukue nyumba mbili. Katika zote mbili kiasi ni kilekile, benki ni ileile, na kila moja imepewa fedha na ndugu. Siku ya 29 fedha za nyumba ya kwanza zabaki, na mtoto asafiri nazo. Siku ya 29 fedha za nyumba ya pili zarudi zilikotoka, na mtoto asafiri na begi lake. Mpelelezi akizitazama karatasi zao asingeona tofauti hata moja. Hata hivyo moja imesema kweli, na ya pili imesema uongo, na kila mtu wa nyumba ya pili alijua hivyo tangu siku ya kwanza. Hatusemi juu ya yule aliyekusudia kwa moyo kuziacha fedha, halafu ukaja ugonjwa zikatumika. Huyo amepatwa na msiba, hakudanganya.

Wajerumani, kwa namna yao ya kutopenda maneno mengi, wamelikata swali hili kwa sheria. Mwanafunzi huweka fedha za mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa, euro 11,904 kadiri ya hesabu iliyowekwa Septemba 2024, naye hufunguliwa euro 992 kila mwezi akiisha fika. Mwenye mtaji wa kuazimisha kwa mwezi mmoja hapati nafasi hapo.

Lakini tusiwe wepesi kumhukumu mzee wetu, maana kuna jambo katika sheria ya Waingereza lisilomjua mtu wa kwetu. Sheria ile yakubali fedha zilizomo katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya wazazi wake, au ya mlezi wa kisheria, pamoja na mikopo ya masomo iliyo rasmi. Baba mdogo hayumo. Kwao ni ndugu wa baba tu. Kwetu ni baba. Ndiye atakayekaa katika kiti cha baba siku ya posa, na baba akifa ndiye atakayewalea watoto. Basi baba mdogo akitoa fedha zake kwa ajili ya binti wa kaka yake, zikapitia akaunti ya kaka, hapo hakuna hila. Ni ukweli wetu uliovikwa nguo ambayo mgeni aweza kuitambua. Mtoaji na mpokeaji waandikiane kwamba ni zawadi, wala wasione haya. Lakini na awe ametoa. Tukiutaja undugu wetu mbele ya ubalozi kwa siku 28, na siku ya 29 tukamwambia mtoto kwamba yule ni ndugu wa baba tu, ni nani aliyeudharau undugu wa Kiafrika, afisa au sisi?

Wako wanaosema: sheria hizi ni za kuonea, na mwonevu hana haki ya kuambiwa kweli. Hasira yao twaielewa. Uingereza humtoza mwanafunzi paundi 776 kwa mwaka kwa ajili ya matibabu kabla hajakohoa hata mara moja. Marekani hutoza dola 350 za kumwandikisha katika orodha ya wanafunzi wageni na dola 185 za maombi ya viza, na akikataliwa baada ya mahojiano ya dakika tano, hazirudi. Fedha hizo ni ng'ombe, ni magunia ya mahindi, ni ada za wadogo zake. Kusema kwamba ni mzigo mzito si kukosa adabu, na wenye mamlaka wangefaa kuambiwa hivyo wazi.

Hata hivyo hoja yao yataka kupimwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1992, ilieleza kwamba kusema uongo ni kumpotosha mtu mwenye haki ya kujua kweli. Toleo rasmi la Kilatini lilipotoka mwaka 1997, maneno hayo juu ya haki ya kujua yaliondolewa. Hayakuondolewa bure. Ni kweli kwamba si kila mtu ana haki ya kuambiwa kila jambo. Twaweza kunyamaza, twaweza kukataa kujibu. Lakini kunyamaza ni kitu kimoja, na kupanga kwa mwezi mzima jambo la kumdanganya mtu ni kingine. Tena, mwenye nyumba akimuuliza mgeni anayebisha hodi kama amekuja na chakula chake, swali hilo si la uonevu hata likiulizwa kwa sauti mbaya. Mgeni aweza kwenda kubisha nyumba nyingine.

Mzee wetu, ambaye aijua Biblia kuliko mapadre wengine tunaowafahamu, alitukumbusha habari za Abrahamu. Njaa ilipoingia nchini, Abrahamu alishuka Misri, na alipokaribia mpaka alimwambia mkewe Sara aseme kwamba ni dada yake. "Baba wa imani, Padre," alisema, akitabasamu kidogo. Mtakatifu Augustino, aliyeandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja karibu na mwaka 395 na kingine karibu na mwaka 420, amtetea Abrahamu: alificha sehemu ya kweli, hakusema uongo, kwa maana Sara alikuwa dada yake kwa baba. Tuwaachie walimu wa seminari mabishano hayo. Sisi twatazama lililotukia baada ya mpaka. Abrahamu alipewa kondoo, ng'ombe, punda na ngamia, akakaa salama. Sara alipelekwa katika nyumba ya Farao. Maneno yalitungwa na mmoja, na aliyeyalipia alikuwa mwingine.

Hapo mzee aliacha kutabasamu.

Maana aliyeondoka na begi siku ile ya 29 ni binti. Atafika Oktoba, chumba chadai kodi ya mwezi wa kwanza, naye hana la kumwambia mtu, kwa sababu karatasi yasema anazo paundi elfu kumi. Hawezi kuomba msaada chuoni bila kufichua siri ya baba yake. Sheria humruhusu kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa masomo. Saa 20 hazitoshi, basi atatafuta bwana wa kazi asiyeandika saa, naye bwana huyo, akijua ana nini mkononi, atamlipa apendavyo. Uongo wa kwanza ulikuwa wa wazee wawili nyumbani. Wa pili na wa tatu atauchukua yeye peke yake, usiku, katika mji asiomjua mtu. Na ikigunduliwa kwamba maombi yalikuwa na udanganyifu, sheria yaweza kumfungia mlango miaka 10, yeye, wala si baba mdogo. Lakini adhabu tusiifanye hoja kubwa. Hata mwizi huacha kuiba akiona askari.

Twajua pia ni nini kilicho upande wa pili wa mizani. Binti huyu ana akili, nchi yatamani watu wa elimu yake, na nafasi kama hii yaweza isirudi. Tukisema hapana, twasema kwa gharama ya mtu mwingine, na padre asiye na mtoto apaswa kulikumbuka hilo kabla ya kufungua kinywa.

Tulimwambia mzee kwamba hatutii sahihi. Tulimwomba aende Dar es Salaam akamwulize mdogo wake swali moja tu: siku ya 29 fedha zitakuwa wapi? Alikwenda kwa basi. Aliporudi alisema mdogo wake alinyamaza muda mrefu, akaita mkewe, wakahesabu pamoja, kisha wakasema kwamba theluthi moja wataitoa, si kuazima, ni ya mtoto. Zaidi ya hapo biashara itakufa. Binti amekiandikia chuo kuomba nafasi yake isogezwe mwaka mmoja, nacho kimekubali. Theluthi mbili zilizobaki hazijulikani zitatoka wapi. Kahawa ya msimu huu bado iko mtini. Mama yake binti, tangu wakati ule, atusalimu kwa kifupi sana tukutanapo baada ya Misa.

Barua tumeiandika upya. Yasema kwamba twamfahamu binti tangu Kipaimara, kwamba baba yake ameuza shamba, na kwamba baba yake mdogo ametoa fedha zake mwenyewe kwa ajili yake. Mahali pa kiasi tumepaacha wazi.